Maiti Chini ya Transfoma

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya nguzo mbili za transfoma, koti la mvua la kijani limeigandia mgongoni. Kando yake palikuwa na mtungi wa plastiki uliojaa mafuta nusu, na spana moja. Mafuta mengine yalikuwa yamemwagika juu ya nyasi na kwenye majani ya mahindi yaliyochanwachanwa na mvua ya mawe ya jana yake jioni.

Inspekta Agneta Sifuna alifika Kimasoli asubuhi akitokea Bungoma. Alikuta nusu ya soko imejazana kwenye shamba lililo nyuma ya kituo cha maziwa. Hakuna aliyekuwa akilia. Watu walikuwa wanapiga picha kwa simu.

"Ni mwizi, madam," mwanamke mmoja alimwambia kabla hajauliza. "Alikuja kutumalizia stima. Stima yenyewe ndiyo imemmaliza."

Agneta aliijua hasira hiyo. Kimasoli ni kisoko kidogo juu ya Sirisia, pale barabara inapoanza kuukabili Mlima Elgon. Wabukusu wanaishi upande wa chini, Wasabaot upande wa juu, na kwa miaka mingi watu hao walipita sokoni bila kusalimiana. Kilichowakutanisha ni maziwa. Walianzisha chama cha ushirika, wakajenga kituo cha kupoza maziwa, wakahangaikia stima mpaka ikaja. Halafu, miaka miwili iliyopita, wezi wakaiba mafuta ya transfoma ya kwanza wakauze, ikaungua. Msimu mzima maziwa yalimwagwa mtaroni. Kijana mwenye karakana ya kuchomelea vyuma akafunga, akarudi Malakisi kulima tumbaku. Wanawake wakajifungulia kwenye mwanga wa tochi. Transfoma ya pili ilipokuja, watu waliipokea kwa nyimbo.

Mama yake Agneta mwenyewe aliuza maziwa pale. Ng'ombe wawili, ndio waliomlipia Agneta karo.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Wabwile, alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Alikuwa mzee mrefu, mpole, ambaye hakuna harusi wala matanga yaliyofanyika Kimasoli bila yeye kuitwa aseme neno. Hakusema mengi asubuhi hiyo. Aliwaomba watu waache kupiga picha. Walipokosa kumsikia, alivua koti lake akamfunika marehemu.

Mkuu wa kituo cha polisi cha Sirisia alikuwa ameshaandika taarifa yake: mharibifu wa mali ya umma, amepigwa na stima akiiba mafuta. Alitaka Agneta atie sahihi tu, maiti iondolewe.

Agneta alichuchumaa. Alilishika shati la marehemu chini ya koti la mvua, kisha akagusa mafuta kwenye jani la mahindi. Akamwita fundi wa kampuni ya umeme aliyekuwa amekuja kuikagua transfoma.

"Mafuta haya yangemwagwa kabla ya mvua, au mvua ikinyesha, sasa hivi yangekuwa wapi?"

"Yangesombwa, madam. Yangekuwa kule chini mtaroni."

"Na huyu?"

Fundi aliitazama maiti. "Huyu amelowa."

"Amelowa mpaka ndani. Koti limefunguka, maji yameingia, shati linakamulika. Alianguka mvua ikinyesha. Mafuta yalifunguliwa mvua ikiwa imeshakatika. Sasa nieleze, mtu aliyekwisha kuanguka alifunguaje mafuta?"

Mkuu wa kituo aliikunja taarifa yake akaitia mfukoni.

Konstebo Wakoli, aliyekuwa na Agneta, aliipekua mifuko ya marehemu. Alitoa kitambulisho: Noah Kiplangat, mzaliwa wa Mlima Elgon, mkazi wa Kitale. Simu haikuwepo. Katika mfuko wa ndani mlikuwa na kitu kidogo kilichofungwa kwa leso. Ilikuwa fyuzi ya nguzoni, imeungua, bado inanuka moshi.

"Hii ni ya hapa," fundi wa umeme alisema akiinua macho kwenye nguzo. "Mtu aliitoa mbovu akaweka nzima. Alitengeneza."

"Mwizi anatengeneza kwanza ndiyo aibe?"

"Mimi sijawahi kumwona wa hivyo."

*

Upasuaji wa maiti ulifanyika Bungoma siku iliyofuata. Daktari alizungumza kwa sauti ya chini, kama kawaida yake.

"Hakuna stima iliyopita katika mwili huu. Hakuna alama ya kuungua popote, si mikononi, si miguuni. Hapa nyuma ya kichwa amepigwa na kitu kizito chenye ncha butu. Ningesema jiwe. Bega limevunjika kwa kuanguka."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana." Daktari alivua glavu. "Damu ilivuja taratibu ndani ya kichwa. Aliishi saa kadhaa pale chini, kwenye baridi."

"Angepelekwa hospitali?"

"Angekuwa na nafasi. Si kubwa. Lakini angekuwa nayo."

Agneta alitoka nje, akasimama kwenye jua kwa muda. Mtungi na spana vilikuwa vimerudi kutoka maabara. Alama za vidole zilikuwa zimefutwa, zimefutwa vizuri, kwa kitambaa. Na hilo nalo lilikuwa jibu la aina yake. Mwizi anayekufa hafuti alama za vidole vyake.

*

Nyumba ya Noah ilikuwa Kitale, chumba kimoja nyuma ya duka dogo la nyaya na balbu. Duka lilikuwa limefungwa. Mjane wake, Chepkosgei, alikuwa amekaa jikoni bila kupika chochote. Hakukuwa na viti vya wageni uani, wala majirani, wala watu wa kanisa.

"Picha ilifika kabla yenu," alisema. "Jirani alinionyesha. Imeandikwa chini, mwizi wa transfoma. Mtoto wangu wa kwanza ameionyeshwa shuleni."

Agneta alimpa pole. Akamwuliza kama polisi wa Sirisia walimhoji.

"Hakuna aliyenihoji. Waliniambia tu niende nichukue maiti."

"Siku ile mlizungumza?"

"Alinipigia jioni. Alikuwa Sirisia, akiweka stima kwenye nyumba ya mwalimu fulani. Akaniambia anapitia Kimasoli kidogo kumsaidia Sista, halafu anarudi kulala Sirisia. Nikamwambia atalowa na mvua. Akacheka, akasema ana koti."

"Sista gani?"

"Hakutaja jina."

Agneta alimwonyesha spana, ikiwa ndani ya mfuko wake wa ushahidi. Chepkosgei aliitazama kidogo tu.

"Si yake."

"Una hakika?"

Chepkosgei aliinuka, akavuta sanduku la chuma kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vyombo ambavyo Noah hakuvichukua safari ile: koleo, bisibisi, spana za kila kipimo. Kila kimoja kilikuwa na mstari mwekundu kwenye mpini.

"Rangi ya kucha," alisema. "Yangu. Alichoka kuibiwa na mafundi wenzake. Nilimgombeza, akaninunulia nyingine, halafu na hiyo nyingine akaimalizia kwenye nyundo." Aliurudisha mfuniko polepole. "Mnaona? Yeye ndiye aliyekuwa anaibiwa."

*

Zahanati ya Kimasoli ilikuwa na Sista mmoja, Phanice, mwanamke wa makamo aliyeendesha mambo yote pale peke yake. Transfoma ilionekana dirishani mwake, ng'ambo ya shamba la mahindi. Agneta alifunga mlango nyuma yake.

"Sista, Jumanne jioni ulimpigia Noah Kiplangat."

"Mimi? Hapana."

"Kampuni ya simu imenipa rekodi zake. Ulimpigia mara mbili. Mara ya kwanza mkaongea. Ya pili ikaita bila kupokelewa."

Phanice alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikaishia kwenye aproni.

"Nilikuwa na mama anajifungua," alisema hatimaye. "Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mvua ikaanza, stima ikapotea. Nje kumekuwa kweusi kama usiku, humu ndani sioni hata mkono wangu. Nikapigia namba ya dharura ya kampuni ya umeme, inaita tu. Noah ndiye aliyeweka nyaya za zahanati hii. Nikampigia. Akasema yuko Sirisia, anakuja na bodaboda."

"Akaja?"

"Sikumwona. Aliteremkia kule kule kwenye nguzo, nafikiri. Lakini taa ziliwaka. Ziliwaka, madam. Nikaona ninachofanya. Nikamgeuza yule mtoto, akatoka, akalia. Nikampigia Noah nimwambie asante, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikadhani ameshaondoka. Baadaye kidogo taa zikazimika tena, lakini kazi ilikuwa imekwisha."

"Na asubuhi, watu walipokuwa wanamwita mwizi mbele ya dirisha lako?"

Phanice alianza kulia kimyakimya.

"Fundi wa nje haruhusiwi kugusa transfoma. Ningefukuzwa. Ningeshtakiwa. Nikajiambia, sasa ameshakufa, nikisema hatafufuka. Nina watoto wanne nyumbani."

"Yeye alikuwa na wawili," Agneta alisema. Kisha alijuta, kwa kuwa mwanamke huyo alikuwa ameshajua, na tangu Jumanne hakuwa amelala.

Kulikuwa na neno moja zaidi. Agneta aliuliza kama Sista alimwona mtu yeyote shambani jioni ile. Sista alisema mvua ilikuwa nzito mno, na hata ingekuwa nyepesi, hakuwa na nafasi ya kuangalia nje.

*

Kituo cha maziwa kilinuka uchachu. Bila stima, pipa kubwa la kupozea lilikuwa limekaa tupu. Wanawake waliopita na mitungi yao walitazama ndani, wakaendelea na safari. Khaemba, kijana aliyetunza mashine, alikuwa akisugua sakafu ambayo haikuwa na haja ya kusuguliwa.

Agneta alimwonyesha spana. Khaemba aliitambua papo hapo.

"Hiyo ni ya jenereta yetu. Nimeitafuta tangu juzi. Mmeipata wapi?"

"Na mtungi huu?"

"Si ni wetu bana. Tunawekea sabuni ya kuoshea pipa." Halafu alielewa anaulizwa nini, na ufagio ukamponyoka. "Madam, mimi sikuwepo. Nilikuwa Kitale, nilienda kutafuta mpira wa pampu."

Alieleza alikonunua mpira huo na alikolala. Wakoli alipiga simu palepale. Mwenye duka la Kitale alimkumbuka, na dada yake Khaemba, aliyemlaza, alimkumbuka zaidi, kwa sababu alikuwa amekula chakula cha watu watatu.

"Stoo hii ina funguo ngapi?" Agneta aliuliza.

"Mbili. Mmoja ninao mimi."

"Na wa pili?"

Khaemba aliitazama sakafu. Hakutaka kulisema jina hilo. Agneta naye hakutaka kulisikia. Alimwambia aende nyumbani, naye akabaki amesimama katikati ya chumba kile kitupu, akikumbuka siku mama yake alipoleta maziwa ya kwanza hapa, amevaa nguo ya kanisani kana kwamba anapeleka sadaka. Mzee Wabwile ndiye aliyeyapokea kwa mikono yake.

*

Wakamwita Mzee Wabwile hapo hapo kituoni. Mzee alikuja kwa miguu, peke yake, akawasalimia wote wawili kwa mkono. Agneta alimwonya kisheria: ana haki ya kunyamaza, na atakalosema linaweza kutumiwa mahakamani. Mzee aliitikia kwa kichwa, akaketi juu ya kreti.

"Mzee, ufunguo wako wa stoo uko wapi?"

"Hapa."

"Umewahi kumpa mtu?"

"Hapana."

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mvua ilinyesha."

"Mama watoto wako amesema ulirudi umelowa, giza limeshaingia."

Agneta alikuwa na maswali mengine, ameyapanga vizuri, lakini aliyaacha.

"Nikwambie alichokuwa anafanya yule kijana pale juu," alisema. "Kulikuwa na mama anajifungua zahanati. Stima ilikuwa imepotea. Sista alimwita aje airudishe."

"Najua," mzee alisema.

Wakoli aliacha kuandika.

"Umejuaje, Mzee? Sista hakumwambia mtu."

Wabwile aliiweka kofia yake juu ya goti. Alipoanza kuzungumza, sauti yake ilikuwa ile ile ya matangani, taratibu, kila neno mahali pake.

"Nilikuwa nimekuja kufunga madirisha ya kituo, kwa ajili ya mawe. Nikaona mtu kwenye nguzo. Amevaa koti, kofia imemfunika uso. Nikamwita. Mvua ilikuwa inapiga mabati, labda hakusikia. Nikamwita tena. Binti yangu, wewe unajua tulivyoteseka na ile ya kwanza. Niliona giza lile lote linarudi. Nikaokota jiwe."

"Ukalirusha."

"Nikalirusha. Nilitaka ashuke. Nilitaka aogope ashuke. Akaanguka kama mzigo. Nikamgeuza uso. Nikamwona ni Noah. Aliweka stima nyumbani kwangu, alikula mezani kwangu. Nikawa sielewi. Ndipo nikainua macho nikaona dirisha la zahanati. Lilikuwa na taa. Mvua ikapungua kidogo, nikasikia mtoto mchanga analia."

Nje, mwanamke mmoja alipita akaita hodi, Wakoli akamfanyia ishara aende.

"Alikuwa amekufa?" Agneta aliuliza.

"Alikuwa anapumua."

"Zahanati iko ng'ambo ya shamba tu, Mzee."

"Najua iko wapi. Mimi ndiye niliyeomba kiwanja chake. Simu ya Noah ikaanza kuita mfukoni mwake. Nikaitoa. Imeandika Sista. Nikaishika inaita mkononi mwangu mpaka ikanyamaza. Nikaizima. Baadaye niliitupa chooni."

"Kwa nini hukupokea?"

"Nilifikiria chama. Yeye ni mtoto wa huko juu, mimi ni Mbukusu. Ikisemwa kwamba mwenyekiti wa Kibukusu amemwua kijana wa Kisabaot, nani atakaa tena pamoja na mwenzake? Maziwa yataishia hapo. Soko litaishia hapo. Lakini akiwa mwizi, basi. Mwizi hana kabila. Hakuna wa kumlilia, hakuna wa kumlipizia. Mvua ilipokatika nikaenda stoo nikachukua mtungi na spana. Nikaiangusha fyuzi ya nguzoni kwa ile fimbo yake ndefu ya kazi, stima ikakatika, kama tulivyofundishwa na watu wa kampuni. Nikafungua mafuta. Fimbo na mfuko wake wa vyombo nikavitupa mtoni, maana vyombo vile vilijulikana kila mahali."

"Uliifungua transfoma uliyoihangaikia miaka yote hiyo."

"Niliifungua."

"Akiwa bado anapumua, pale miguuni pako."

Wabwile aliigeuza kofia juu ya goti.

Agneta aliinama mbele. Hakupandisha sauti. "Mzee, nimekusikiliza tangu nikiwa mtoto. Usiniambie ni kwa ajili ya chama. Ungempeleka zahanati, watu wangeona umekosea ukajaribu kuokoa. Wa juu na wa chini, wote wangeona. Niambie ukweli."

Mzee aliinamisha kichwa. Alipoinua uso, ulikuwa umelowa, na ulionekana mdogo.

"Niliogopa," alisema. "Hilo ndilo la kwanza. Hayo mengine niliyafikiria baadaye, nikiwa nafungua mafuta. Niliogopa kwamba tangu siku ile, kila atakayeniona ataniona nimeshika jiwe. Maisha yangu yote watu wameniamkia kwa heshima. Sikujua ningeishije bila hiyo."

"Kwa hiyo ukamfanya yeye mwizi."

"Nikamfanya yeye mwizi. Na asubuhi nilipoona wanampiga picha, nikaona haya. Nikamfunika." Alitazama mikono yake. "Nilikuwa nimechelewa."

Wakoli alimsaidia kusimama, akamfunga pingu. Walipotoka nje, watu walikuwa wameshaanza kukusanyika barabarani, wa juu na wa chini. Walimpisha njia. Hakuna aliyezomea. Mama yake Agneta alikuwa miongoni mwao na mtungi wake mtupu. Alimtazama mzee, kisha akamtazama binti yake, kisha akageuka akaelekea nyumbani bila kumngoja.

*

Wabwile alishtakiwa Bungoma kwa mauaji. Sista Phanice aliandikisha maelezo yake kama shahidi, naye hakufukuzwa. Kampuni ya umeme haikusema transfoma nyingine itakuja lini.

Agneta alirudi Kitale kumwambia Chepkosgei yote, moja baada ya jingine. Chepkosgei alisikiliza bila kukatiza. Mwisho aliuliza kama Agneta ataweza kuyasema hayo mbele ya watu, kwa kipaza sauti, siku ya mazishi. Agneta akasema ataweza.

Noah alizikwa kwenye shamba la baba yake, juu mlimani, siku ya Jumamosi yenye ukungu. Waombolezaji walikuwa wachache. Agneta alikuwa amesimama karibu na jeneza, akisubiri zamu yake ya kusema, aliposikia lori likinguruma kwenye mteremko. Lilikuwa lori la chama cha maziwa. Likasimama langoni, wakaanza kushuka watu wa Kimasoli, Wabukusu na Wasabaot, wamejaa kama siku ya soko. Baadhi yao Agneta aliwatambua. Ni wale waliokuwa wamenyoosha simu zao juu asubuhi ile.

Hawakuimba. Wanaume walivua makoti, wakakunja mikono ya mashati, wakaulizana kwa sauti ya chini majembe yako wapi. Khaemba ndiye aliyetumwa kwa mjane kuuliza wachimbe upande gani.

Chepkosgei aliwatazama wote, kutoka wa kwanza mpaka aliyekuwa bado anashuka kwenye lori.

"Kaburi limeshachimbwa," alisema. "Ndugu zake walilichimba jana, wawili peke yao. Kaeni tu."

Wakakaa, chini kwenye nyasi zilizolowa, mikono ya mashati imekunjuliwa tena, hawana la kufanya.